Upande wa Tangi

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumai wewe na mumeo mko wazima. Mimi sijambo, ni haya magoti tu, na haya nimestaafu nayo.

Nimeanza jambo, usinicheke. Jirani yangu fundi redio alinunua treni ndogo mnadani, ikamshinda kuiunganisha, akaniachia. Kichwa cha treni hiyo kinakaa kiganjani. Nilipoiwasha ikaondoka yenyewe, nywele zikanisimama. Maisha yangu yote nilikuwa ndani ya treni nikiiendesha, sijawahi kuiona ya kwangu ikipita! Nikaweka kidevu mezani, ikapita mbele ya pua yangu na mabehewa yake, chai ikapoa nikiiangalia tu.

Sasa naijenga njia yetu ya zamani: ile kona, tuta la udongo kando ya reli, na ile nyumba ya kazini ulikokulia. Unakumbuka nilivyokuwa nawapungia mkono? Kutoka kwenye treni nilikuwa naona paa tu, na kitambaa chekundu ambacho marehemu mama yako alikifunga kwenye ufito. Nikikiona, najua yuko dirishani nawe, basi napunga mpaka kona. Dirisha hilo nataka litoke sawasawa.

Baba yako

17 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi hatujambo, isipokuwa mkweo ana mafua na anataka dunia nzima imhurumie.

Kwa hiyo meza ya chakula ndiyo imekuwa stesheni? Mama angekutoa nje wewe na reli zako. Lakini nimefurahi mno. Tangu tumzike, barua zako zilikuwa mistari miwili: mzima, mvua imenyesha. Endelea kujenga. Na lile tangi la maji ng'ambo ya reli usilisahau.

Binti yako

2 Aprili

Mwanangu,

Natumai mumeo amepona. Mimi mzima wa mwili.

Nyumba nimeimaliza kwa kadibodi, na tuta nimelipima kwa kumbukumbu, ambayo kwa njia ile hainidanganyi. Jana nikaweka jicho nyuma ya dirisha, nikaiwasha treni. Nikasikia inapita. Sikuona kitu. Tuta limeziba kila kitu, hata paa la kichwa cha treni.

Utauliza nilikaaje nyumba ile nisijue. Nikiwa nyumbani nilikuwa nalala, mwanangu. Treni za wenzangu nilizisikia tu. Nani anaamka kwenda kuangalia kazi?

Kumbe miaka yote ile nilikuwa napungia ukuta. Mama yako hakuniona hata siku moja, wala hakuniambia. Imeniuma sana. Treni nimeirudisha kwenye kisanduku.

Baba

11 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Simu hupokei, na fundi redio anasema mlango unaufungua nusu tu. Kwa hiyo nakuandikia siri ya Mama, naye anisamehe.

Dirishani hatukuwahi kukaa. Alikuwa anafunga kile kitambaa ili ujue nyumbani ni salama, kisha ananishika mkono, tunavuka reli mbio hadi chini ya tangi, kule mwinukoni. Kutoka pale treni tuliiona yote, Baba, kuanzia kichwa hadi behewa la mwisho. Ardhi ilikuwa inatetemeka chini ya miguu yangu, nami nikidhani wewe ndiye unayeitetemesha. Ila wewe ulikuwa umegeukia nyumba. Tulikuwa tunaona kisogo chako na mkono ukipunga upande wa pili. Mama alikuwa anacheka hadi machozi, ananiambia, "Mpungie. Baba yako anatusalimia."

Hakukuambia kwa sababu ulikuwa umetukataza kuvuka reli. Ungefoka wiki nzima, na tungekatazwa tangi.

Binti yako

29 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na mimi sijambo kabisa. Samahani nimekawia, nilikuwa na kazi.

Kwanza, mlivuka reli. Tutalizungumza ukija.

Tangi nimelitengeneza kwa kopo. Chini yake nimesimamisha watu wawili wa njiti za kibiriti, mmoja mkubwa, mmoja mdogo. Nimeweka jicho langu pale mlipokuwa mnasimama, nikaiwasha. Ilipotokea kwenye kona nilishika meza. Sikujua kama ilikuwa nzuri kiasi hicho. Sikujua kabisa, mwanangu. Imepita yote, na ndani yake dereva, kamtu kadogo ka njiti, kamenipa kisogo, kanapungia paa kwa bidii.

Nimemtoa yule dereva kwa kibano, nikamgeuza, nikamgandisha kwa gundi. Sasa anawatazama ninyi.

Baba yako