Baba, Nimeifungua Padi ya Mbao

Mpendwa Baba,

Usikasirike. Nimeifungua ile padi ya mbao ya kuchezea gemu. Najua uliipiga gundi pande zote ili mtu asiifungue, na miaka yote hii nimeiheshimu gundi yako, lakini wiki iliyopita kitufe cha kupiga risasi kilikufa na roho yangu haikukubali kukiacha hivyo. Jumapili baada ya kanisa nilijifungia kwenye kibanda changu hapa Kitale, nikachukua msumeno mwembamba wa chuma, nikaanza kukata pole pole kwenye mstari wa gundi huku nikikuomba msamaha kwa sauti. Jirani yangu anayeshona viatu aliuliza naongea na nani. Nikamwambia naongea na fundi mwenzangu.

Nilichokikuta ndani kimeninyima raha, Baba. Nimebaki na swali moja, nalo ni hili: nilikuwa bingwa kweli, au ni wewe ulinifanya nionekane bingwa? Wewe ndiye wa kujibu, na umeshatuacha, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wacha nianzie mwanzo, maana nataka tukumbuke pamoja. Mjomba alipotuletea ile TV gemu pale Bungoma, na kaseti yake ya njano na padi mbili za kuchezea, nyumba yetu iligeuka soko. Watoto wa mtaa mzima walijaa sebuleni. Kaseti ikikataa tulipokezana kuipuliza, kila mtu akidai pumzi yake ndiyo iliyoiwasha. Halafu Wekesa, kaka yangu mwenye miguu isiyoona, akairukia padi moja kutoka kwenye kochi. Ikapasuka vipande vipande. Ikabaki moja, na papo hapo wavulana wakatunga sheria kwamba wasichana wangoje. Nilingoja wiki nzima bila zamu, halafu nikaja karakana kwako nyuma ya nyumba nikilia.

"Nani amekufa?" uliniuliza, randa bado iko mkononi.

"Padi."

Uliweka randa chini. Ulivichukua vile vipande, ukaichomoa ile bodi ndogo ya kijani, ukaigeuzageuza kwenye mwanga wa mlango. "Hii ni ngozi tu imekufa," ukasema. "Roho iko." Mpaka leo mteja akiniletea kitu kilichovunjika, maneno yangu ya kwanza ni hayo hayo, na watu hudhani nimeyatunga mimi.

Ulichukua kipande cha mbao kilichobaki ulipotengeneza mlango wa kanisa, ile mbao ngumu ya kahawia iliyoshushwa na lori kutoka Kapsokwony. Ukapima mkono wangu kwa penseli, ukachonga, ukapiga msasa mpaka ikawa laini kuliko sahani zetu. Hukuwa na kifaa cha kulehemu. Ulipasha msumari kwenye jiko la Mama ukayeyusha lehemu nao, na ugali wa siku hiyo ulinuka moshi wa ajabu. Padi ya dukani ilikuwa na vitufe vinne upande wa kulia. Yako ilikuwa na viwili. Nikakuuliza mbona.

"Huko kulia una kidole gumba kimoja," ulinijibu. "Vitufe vinne vya nini?"

Ukanipa na masharti yake: "Usikandamize. Gonga tu. Ukikandamiza utapasua mbao." Nikatii. Nimezoea vibaya, Baba, hadi leo nagonga kila kitu, hata kitufe cha kengele ya mlango wa watu.

Basi nikaanza kuwapiga. Kwenye ule mchezo wa ndege za vita, ambapo wawili mnaruka pamoja na mwenye alama nyingi ndiye mshindi, hakuna aliyenifikia. Nilimpiga Wekesa. Nikawapiga watoto wa jirani mmoja baada ya mwingine. "Haki ya nani, cheki vidole vya huyu mtoto!" walikuwa wakisema. Walipodai tubadilishane padi, sauti yako ilitoka karakana: "Hiyo imepimwa mkono wake. Wacheni." Nikavimba kichwa, na sikuficha.

Halafu ukafika msimu wa mvua, ukaichukua padi siku mbili ukisema waya umelegea. Iliporudi ilikuwa nzito. Wekesa alinipiga mara saba mfululizo, akacheza ngoma juu ya kochi. Nilikuja karakana nikakwambia umeiharibu. Hukuinua hata kichwa. "Mbao imevimba kwa mvua. Zoea." Nilikununia siku kadhaa, unakumbuka? Chai yako nilikuwa naiweka mlangoni narudi. Lakini nilizoea. Nilikuwa nagonga kidole kwenye dawati darasani mpaka mwalimu akanihamishia kiti cha mbele.

Desemba ile akaja binamu Simiyu kutoka Kimilili. Huyo alikuwa hajapigwa na mtu. Wavulana wakaweka masharti mbele ya wageni wote wa Krismasi, mbele ya Shangazi na mume wake mpya: Simiyu akishinda, padi ya mbao inakuwa yao na mimi sigusi gemu tena. Nikakubali, ujinga huo. Tulipofika ile ndege kubwa ya mwisho tulikuwa tumekaribiana sana, halafu risasi zangu zikaanza kuingia, na kuingia, na Simiyu akatupa padi yake chini akasema, "Si haki bana, huyu si msichana." Ulikuwa umesimama mlangoni, penseli sikioni. Hukupiga makofi. Ulisema tu, "Haya, zimeni TV watu wale."

Maisha yangu yameota pale, Baba. Siku ile ndiyo iliyonipeleka kusomea umeme katikati ya wavulana bila kuogopa. Ndiyo iliyofungua hiki kibanda. Watu wazima wananiletea mashine walizocheza utotoni, zimelala kwenye magunia miaka, nami nazifufua. Nina zile TV nene za zamani tatu, maana hizi bapa mpya hazina tundu za waya zake. Na padi nachonga mwenyewe, za mbao, za mtu asiye na kidole, za mwenye mkono mkubwa. Raha yangu ni kumpa mtu padi mara ya kwanza nikaangalia kidole chake kinaenda wapi kabla hajafikiri. Ungependa hapa, ungekaa siku nzima ukiuliza maswali.

Na juu ya mlango nimebandika kibao, herufi kubwa: HAPA HATUWEKI TURBO. MKONO NI MKONO.

Turbo unaijua, kumbe ulinizidi kuijua. Vile vitufe viwili vya juu kwenye padi za dukani, unagonga mara moja risasi zinatoka tatu, ukikandamiza zinamiminika zenyewe. Nimewafukuza watu wengi kwa sababu ya hiyo. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja kutoka huko juu Kapsokwony, akaomba padi ya binti yake Chebet, wa miaka tisa. Ana kaka watatu, wanampiga kwenye gemu kila siku mpaka ameacha kucheza, anakaa kando akiwaangalia.

"Nisaidie umwekee ile ya kupiga yenyewe," akasema, sauti chini. "Kidogo tu. Wasijue."

Nilimjibu vibaya, Baba. Nilimwambia, "Mzee, unataka kumfundisha mtoto wizi? Mimi nilikuwa msichana peke yangu na niliwapiga wote kwa kidole changu hiki." Nikamwonyesha na kidole. Akanishukuru, akaondoka bila padi. Mtu wa heshima namna ile.

Sasa ndiyo ufikirie Jumapili yangu. Mbao inaachana, naangalia ndani, kitu cha kwanza ninachokiona ni tone la lehemu yako, nene na la msumari. Limekaa mahali pa turbo.

Nilikaa chini. Nilianza kuyaona yote yakijipanga: vitufe viwili badala ya vinne, ili nisijue kinachokosekana. "Usikandamize, gonga tu," ili risasi zisimiminike nikagundua. "Imepimwa mkono wake, wacheni." Jamani, Baba! Nilikasirika, nakwambia kweli. Nilitoka nje nikakitazama kile kibao changu nikasikia aibu hadi masikioni. Bingwa wa uongo, na uongo wenyewe ameuchonga babangu.

Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kutorudisha kifuniko kabla sijaangalia mara mbili. Nikarudi ndani nikachukua lenzi. Lile tone la turbo lilikuwa na kisiki cha waya mwembamba, umekatwa. Waya unaofanya kazi uko pembeni, kwenye tone lingine, mahali pa kawaida, pa risasi moja kwa kugonga mara moja. Na gundi ni za aina mbili. Chini kuna ile ya kahawia uliyokuwa ukichemsha kwenye kopo. Juu yake kuna nyeupe ya dukani. Kwa hivyo uliifunga padi mara mbili. Siku moja uliifungua, ukahamisha waya, ukafunga tena, ukanyamaza.

Siku gani? Kama ni kabla ya Simiyu, ni mimi. Kama ni baada ya Simiyu, ni wewe. Ile hadithi ya mbao kuvimba ilinipa tumaini, lakini nilikuwa mtoto, na mtoto huchanganya miezi, na padi uliichukua zaidi ya mara moja.

Nikautazama ule waya wa pili. Mnene kupita kiasi kwa kazi hiyo, umevalishwa kitambaa cha madoadoa meusi na meupe. Niliujua. Nikampigia Mama simu Bungoma.

"Mama, ile pasi yako ya zamani, ya waya wa kitambaa. Baba aliikata lini?"

"We mayi, mwanangu, hata salamu hakuna? Ati pasi!"

"Shikamoo Mama. Lini?"

"Si ni ule mwaka wa harusi ya shangazi yako kule Matulo! Wiki ile ile ya harusi. Babako akakata waya, ati umeungua, mimi sikuona palipoungua. Akauunganisha ukawa mfupi haufiki mezani. Nikapiga pasi nimechuchumaa hapo kwenye soketi mpaka magoti yakakataa. Nilienda harusini na gauni langu la gomesi limekunjana mbele ya ukoo wote. Hiyo Agosti siwezi kuisahau, na siku nikifika huko aliko nitamuuliza."

Agosti, Baba. Na Shangazi alikuja Krismasi ile na mume wake mpya, wakakaa kiti cha mbele nikimpiga Simiyu.

Nilihesabu miezi kwa vidole: waya ulihamishwa kabla ya Simiyu. Mama akaita, "Nafula? Uko?" Nikamweleza yote. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwa hivyo nilichuchumaa kwa sababu ya gemu?" Halafu akasema kwa upole, "Huyo mzee alikuwa akisimama dirishani ukicheza, ulijua? Nilidhani anapumzika."

Sikujua. Nilidhani penseli na randa ndivyo vitu ulivyokuwa ukivitazama.

Nimelia na nimecheka, na nimekusamehe, ingawa sijui kama ni mimi wa kukusamehe au ni wewe wa kunisamehe kwa ile chai ya mlangoni. Kitufe kilikuwa kimeshika kutu tu. Nimekisafisha, kinafanya kazi. Waya wa pasi nimeuacha hapo hapo.

Kibao nimekishusha. Jumanne nilimpigia baba yake Chebet, akashuka, nikamwomba radhi, na tumechonga padi ya binti yake pamoja siku nzima. Ina turbo ndani. Sikuipiga gundi, nimeifunga kwa skrubu nne, nikamwonyesha waya ni upi na unahamishiwa wapi. Aliushika kwa ncha ya kidole, akafikiri sana.

"Sasa fundi," akaniuliza, "nitajua aje siku ya kuuhamisha imefika?"

Swali hilo nakuletea wewe, Baba. Uliona nini dirishani mwezi ule wa Agosti? Nilifanya nini na mkono wangu, au na uso wangu, hata ukaacha kazi ya watu, ukachukua kisu, ukakata waya wa pasi ya mke wako wiki ya harusi? Nilikuwa nikishinda kila siku. Mtu mwingine angeniacha hivyo.

Nilimwambia mzee yule anipe muda, nitamuuliza Baba.

Basi nimekuuliza. Lala vizuri huko nyumbani, na Mama akifika na habari ya pasi, mpe kiti kwanza.

Ni mimi binti yako Nafula, fundi mwenzako.