Kabla sijampokea Neema

Mjukuu wangu mpendwa Yustina,

Niwie radhi kwa kukaa kimya tangu mvua zilipoanza. Huku Bangwe tu wazima. Bibi yako amepona mguu na anakusalimu.

Umeniomba nimpokee kitukuu changu Neema, nimfundishe kusoma kabla hajaanza shule. Kwanza nikueleze habari ya marehemu dada yangu mdogo, Dafroza.

Tulipokimbia Burundi tulipokewa Mwamgongo, kijiji cha kando ya ziwa, na mama akapata kazi ya kuanika dagaa ufukweni. Dafroza, mtoto wa umri wa Neema, alimfuata kila asubuhi, akichambua samaki na kuuliza jina la kila mmoja.

"Huyu amekasirika kama Baba!" alisema siku moja, akimwinua samaki aliyetoa macho.

Tulicheka. Baba, aliyekuwa mwalimu kule kwetu Burundi, hakucheka. "Wahesabu wote. Ukikosea, unaanza upya."

"Mwache acheze, Baba Dafroza," mama alimsihi.

"Wakimbizi hatuna shamba hapa. Tuna kichwa tu."

Tangu hapo kila asubuhi ikawa ya hesabu. Dafroza alijua kuhesabu upesi, lakini aliacha kuuliza. Baba alipogundua, alimletea samaki mgeni mwenye madoa, akamngoja aulize jina lake.

Dafroza alimtazama Baba kwa woga, akasema, "Mmoja."

Baba alibaki amemshika yule samaki mkononi.

Nami nilirithi ualimu wake, na ukali wangu unaujua. Nikishaamua kuhusu Neema, nitakuandikia.

Babu yako