Sinema Uliyokuwa Ukiisimamisha Patamu

Baba, shikamoo.

Tangu ututoke sijawahi kukuandikia, ila leo nimeshindwa kukaa na hili peke yangu. Nimetoka darasani sasa hivi, nina furaha tele.

Unakumbuka banda lako la video pale Msimbazi? Mabenchi ya mbao, feni moja mbovu, na wewe na maikrofoni yako unawatafsiria watu sinema za Kihindi, sauti zote ni wewe: mzee, jambazi, mpaka bibi harusi. Halafu ule utundu wako. Sinema ikifika patamu unaisimamisha. "Haya, wapenzi watazamaji, jamaa anafungua mlango au hafungui?" Watu wanakuja juu, wanabishana mpaka basi, ndipo unaachia. Mimi nilikuwa chini ya meza yako natafuna karanga, najiona mtoto mwenye bahati kuliko wote Kariakoo.

Nilipokua nikaona aibu. Sekondari waliponiuliza baba anafanya kazi gani, nilisema una duka la vitambaa. Habari zikakufikia. Hukugomba, ulisema tu, "Basi siku moja uniletee wateja." Ulicheka. Mimi sikuweza.

Sasa sikia. Nafundisha darasa la sita, Magomeni, na shule yetu imepata projekta. Wiki iliyopita nilionyesha video ya moyo, maelezo yake Kiingereza kitupu. Watoto walitulia tuli, nikajisifu. Kuuliza maswali, hakuna aliyejua hata damu inaelekea wapi. Mwalimu mkuu akaniambia, "Mwalimu, hii ni burudani. Nakupa kipindi kimoja tu, ukishindwa projekta inarudi kabatini."

Kipindi chenyewe kilikuwa leo. Nikazima sauti, nikaanza kutafsiri mwenyewe. Damu iliyochoka nikaipa sauti ya yule bibi harusi wako mlalamishi. Ilipoingia tu kwenye chumba cha chini cha moyo, nikasimamisha. "Haya, moyo unabana. Damu inarudi ilikotoka au hairudi?"

Baba, darasa lilichafuka. Zaituni, ambaye mwaka mzima hajanyoosha kidole, alipanda juu ya dawati. "Hairudi, mwalimu! Mlango ushafungwa nyuma yake!" Kugeuka, namwona mwalimu mkuu kwenye kizingiti. Nikajua kelele zile zimeniponza. Akakunja mikono, akasema, "Achia basi, mwalimu, tuone."

Projekta imebaki. Kipindi kilipoisha Zaituni akaniuliza nimejifunzia wapi kufundisha hivi. Nilimjibu, mwalimu mkuu akiwa palepale, bila aibu yoyote: "Kwa baba yangu. Alikuwa anatafsiri sinema kwenye banda la video, Msimbazi."

Walitaka niwasimulie habari zako zote, hakuna aliyekumbuka mapumziko.

Nimechelewa, Baba, lakini wateja nimekuletea.

Pumzika salama.

Ni mimi, binti yako wa chini ya meza.