Mama Kachoma Sindano

Jumatatu, 26 Shaabani
Nimepita duka la dawa Darajani kununua sindano mpya, kama kila wiki. Mdogo wangu Haji hauziwi. Wanamtazama mikono, wanamfukuza. Mimi na buibui langu safi huulizwa tu, "Mgonjwa wa sukari hajambo?" Hajambo.
Nimeziweka kwenye boksi chini ya kitanda chake. Hajawa tayari kuacha unga. Basi ajidunge kwa sindano yake peke yake. Nlipokuwa teja mimi, hakuna aliyeniambia hilo. Sasa nameza vidonge vya virusi kila siku, kwa siri. Mama hajui.

Alhamisi, 29 Shaabani. Vunjajungu.
Nyumba inanukia udi. Mama kasafisha kila pembe kwa ajili ya Ramadhani. Boksi kaliona, kalitia motoni pamoja na makumbi. Na kafurahi! "Mwezi mtukufu hauingii na uchafu huu ndani." Nlitamani kupiga ukelele.
Haji kaja adhuhuri, kakuta hamna kitu. Mateja nao wana vunjajungu lao, wanajidunga mpaka wakinai kabla ya kufunga. Katumia sindano ya Sele. Kaniambia mwenyewe jioni, kainamisha kichwa.
Sele nnamjua. Tulikuwa foleni moja ya vidonge vya virusi kliniki. Kaacha kuja zamani.

Ijumaa, 1 Ramadhani
Nesi wa kliniki kasema vidonge vya kinga vipo. Vianzwe ndani ya siku tatu tangu kujidunga, na mapema ndiyo bora. Mbio mpaka nyumbani. Haji hayupo. Mama na mjomba washampeleka Bwejuu, nyumba ya soba, ya kuachishia unga. Wageni hawaingii. Wa kumtoa ni Mama tu.
Nimemwambia Mama kuwa Haji apelekwe hospitali. "Hospitali ya nini? Mwanangu yupo mahala salama." Nlitaka kumtaja Sele. Ataniuliza nimejuaje.

Jumamosi, 2 Ramadhani
Nimefuturu na Mama. Sikusema. Woga tu, hapana jina jengine.

Jumapili, 3 Ramadhani
Nimesema. Yangu na ya Haji, yote. Mama alikuwa anakuna nazi. Hakulia. Kavaa buibui, twende.
Siku tatu zilitimia adhuhuri. Mimi nimefungua mdomo baada ya alasiri. Tumefika hospitali na Haji magharibi, daktari katwambia tumechelewa. Hasira zote nlizomwekea Mama zimenirudia mwenyewe. Yeye alichoma kwa kutojua. Mimi nlijua.

Jumatatu, 6 Dhulhija
Haji kapimwa tena virusi. Mara ya kwanza hakuwa navyo. Leo anavyo.
Jioni Mama katuletea uji, kakaa kitako kutusubiri tumeze vidonge, mimi na Haji. Haji kaniuliza, "Dada, siku ile ulikuwa unajua habari ya Sele?"
Nkamwambia nlikuwa najua.
Akaniomba maji. Nkampa, akameza.