Shukrani Iliyotangazwa Mapema

Molo,
14 Aprili 2025

Kwa binti yangu Jepleting,

Bwana asifiwe! Hujambo huko Nakuru? Shangazi yako Sue na watoto wake wako salama? Sisi tuko sawa, ila baridi inatukaba. Viazi vimechipua vizuri. Nikikupigia simu nasikia pumzi tu, kwa hivyo barua hii nimempa Maxwel wa lori la viazi.

Nina habari tamu! Jana, Jumapili ya Matawi, nilisimama kanisani nikatangaza kwamba tarehe 25 Mei tutafanya ibada ya shukrani, kwa kuwa Mungu amekurudishia sauti. Najua bado. Hiyo ndiyo imani! Ule uvimbe wa koo ulitolewa wiki tisa zilizopita, sauti nayo iko njiani. Mungu si Athumani. Kwaya wamekuwekea sehemu yako ya kuanzisha wimbo, na kondoo dume nimemfunga nyuma ya jiko. Anakula kuliko mimi. Wewe kazi yako ni kuja kuimba.

Ni mimi mama yako.


Nakuru,
24 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu. Sue na watoto hawajambo. Mwili wangu ni mzima.

Mama, kwa nini ulitangaza? Daktari anasema mshipa wa sauti uliumia. Unaweza kuamka baada ya mwaka, na unaweza usiamke kabisa. Sokoni nikinong'ona, mama mboga ananiuliza nimegombana na nani.

Nimeimba tangu darasa la tatu. Kila Jumapili nilimpa Mungu sauti hii, na hiyo hiyo ndiyo aliyoona aichukue. Nimemuuliza sababu, akanyamaza. Basi na mimi nimeacha kuuliza. Mfungue huyo kondoo. Siji.

Mwanao,
Jepleting


Molo,
5 Mei 2025

Binti yangu,

Hujambo? Umekula? Barua yako nimeisoma mara tatu. Kondoo sijamfungua.

Hata mimi niliwahi kumnunia Mungu, mwaka ule kaka yako Micah alipotuacha. Lakini hayo tuyaache, Maxwel anapiga honi. Viazi tumevipalilia, mvua ni ya kutosha.

Ni mimi mama yako.


Nakuru,
14 Mei 2025

Mama! Mama yangu!

Salamu kwanza, halafu kaa chini. Umekaa?

Jana kliniki foleni ilikuwa ndefu. Kando yangu kwenye benchi aliketi mama mmoja wa Ndabibi, anaitwa Wamuyu. Mumewe alikuwa maabara, anapimwa. Aliniuliza kama daktari amefika, nikatikisa kichwa. Akaanza kunisimulia, na hakuacha kwa saa mbili! Ugonjwa wa mzee, watoto, shamba lililolala bila kulimwa. Mimi hata "pole" haikutoka. Nilimshika mkono tu, tukalia wote wawili. Alipoitwa alinigeukia akasema, "Nyumbani kila mtu ananihubiria. Wewe ndiye wa kwanza kunisikiza. Leo Mungu amenikumbuka."

Mama, sikia! Mimi nilidhani Mungu amenyamaza kwa kuwa hajali. Na hapo nilikuwa nimenyamaza mimi mwenyewe, huku huruma imenijaa hadi basi. Huenda miezi hii yote ameketi na mimi kwenye benchi lile lile, amenishika mkono, na mimi nangoja tu aongee!

Sijapona. Sauti ni ile ile, kama upepo mlangoni. Lakini nakuja! Usiahirishe kitu. Mwambie kondoo pole.

Mwanao mwenye furaha,
Jepleting


Molo,
27 Mei 2025

Jepleting wangu,

Bwana asifiwe! Ulifika salama? Majirani bado wanaisifu supu.

Sasa nikuambie ukweli. Jumapili nilikuwa naona haya. Nilisema sauti imerudi, na kanisa zima lilikuwa limekuja kuisikia. Uliposimama, pasta alizima spika na kinanda, na bado hatukukusikia. Ndipo watu wakatoka viti vya nyuma, na watoto wao mgongoni, wakaja mbele wakakuzunguka. Uliwasimulia habari za benchi, kisha ukaanzisha wimbo kwa kunong'ona, na kwaya nzima ikaupokea kwa kunong'ona! Maisha yangu yote nimepiga kelele, na sijawahi kuona mtu akisimama asogee karibu anisikie.

Nimelia tangu siku hiyo. Miaka kumi na minane tangu tumzike Micah, sijamtaja kwa mtu, hata kwa baba yako. Kila aliyekuja kunipa pole nilimpa habari za viazi, nikiogopa atanijibu kwa mahubiri.

Njoo Jumamosi. Maziwa ya mgando, mursik yetu, yako tayari kwenye kibuyu. Usibebe kitu, na barua hii usiijibu. Kaa tu karibu nami hapo jikoni, unishike mkono. Nitaongea mimi.

Ni mimi mama yako,
na mama Micah.