Stakabadhi ya Shangazi

Jumatatu, 1 Oktoba 1956
Asubuhi nimeranda milango ya duka la Mwarabu, hapa Kariakoo. Mchana nikaenda kulipa kodi ya serikali. Balaa! Bwana Jivan, kontrakta, alinipa nauli na posho ya chumba nilipomfanyia kazi Morogoro. Karani anasema yote ni pato langu, maana mimi si mwajiriwa, ni fundi wa mapatano. Nauli kaisamehe, nilikuwa na karatasi ya stesheni. Ya chumba anataka stakabadhi ya mwenye nyumba. La sivyo napandishwa daraja la kodi, na pesa hiyo sina.

Mwenye nyumba! Nililala kwa Shangazi Mwanaidi, aliyenilea.

Jumatano, 3 Oktoba
Usingizi hauji. Posho yote nilimpa Shangazi, kila Ijumaa, kwa jina la sukari. Nani anamwambia shangazi yake "shika kodi"? Lakini Bwana Jivan ana kazi nyingine Morogoro, ya miezi, na hachukui fundi asiye na cheti cha kodi. Nimemwandikia Shangazi. Nimetia na stakabadhi niliyoiandika mwenyewe, aweke dole gumba tu. Mke wangu Zuhura kasema nimepotoka. Nikamfokea.

Jumamosi, 6 Oktoba
Jibu la Shangazi halijaja. Nimekosea vipimo, ubao mzima umeharibika. Naogopa.

Jumatatu, 8 Oktoba
Shangazi kaja mwenyewe kwa gari moshi. Shikamoo yangu hakuiitikia. Kafungua pindo la kanga, kamwaga pesa kitandani. Zote. Kumbe hakugusa hata senti, alikuwa ananiwekea nije nijenge.

"Haya, mpangaji wangu. Kodi yako hiyo."

Hata maji hakunywa. Stakabadhi kaiacha juu ya pesa, haina dole. Nimelia, mtu mzima mimi.

Jumanne, 9 Oktoba
Nimelipa daraja la juu, kwa pesa zilezile. Karani hakukosea, zilikuwa zangu. Cheti ninacho. Sina raha nacho.

Alhamisi, 18 Oktoba
Morogoro. Nimepanga chumba kwa mtu nisiyemjua. Kitanda kizuri, taa ipo. Stakabadhi nimepewa palepale, nimeikunja nikaitia mfukoni. Kwa Shangazi ni mtaa wa pili kutoka hapa. Magharibi nimesikia watu wakiitana kula. Hakuna aliyeniuliza kama nimekula.