Bendera ya Njano Kabla ya Mwezi Kuandama

Jumatano, alasiri. Upepo umekufa, na chuma cha sitaha hakikanyagiki bila viatu.

Mgonjwa, kwa mujibu wa kanuni za bandari hii, ni mtu yeyote aliyemo chomboni ambaye hawezi kusimama kwa miguu yake mwenyewe wakati wa kuhesabiwa. Tafsiri hiyo imo katika ukurasa wa kwanza wa daftari ninalolitunza. Siku nilipokabidhiwa niliisifu, kwa kuwa haina neno la ziada.

Leo imenitia aibu.

Tunaishi watatu juu ya tishali hili, lililotia nanga katikati ya bandari ya Dar es Salaam likiwa limesheheni reli za kupelekwa Morogoro. Mzee Makame ndiye serahangi, mkuu wa chombo. Kobelo, kijana mwenzangu wa Matombo huko Uluguru, ndiye mtu wa bomba. Mimi ni karani. Tunapika juu ya sanduku la mchanga, tunaoga maji ya chumvi, na tangu alfajiri Kobelo hutoa maji yanayojikusanya tumboni mwa chombo. Mlio wa bomba lake ndio saa yangu.

Jana saa hiyo ilisimama mara tatu.

Sikushtuka. Kwetu milimani, kila anayeshuka bondeni hutetemeka majuma ya mwanzo, na hatuuiti ugonjwa. Tunasema anaizoea nchi. Kobelo alijifunika gunia juani, na Mzee Makame akamtania: baridi hiyo ameipakia wapi, maana katika hati ya mizigo haimo. Kobelo akajibu kwamba ni zawadi aliyomletea serahangi. Tukacheka. Nami nilicheka.

Ni lazima niandike pia kwa nini nilitaka kuamini hivyo. Ruhusa yangu inaanza kesho. Binti wa dada yangu yumo ndani tangu mavuno yaliyopita, na katika nyumba yetu mwali hatoki mpaka ndugu wa kiume wa mama yake amfungulie mlango. Kaka yangu alifariki. Nimebaki mimi peke yangu. Kwa miguu ni siku tano hadi Matombo, na mwezi wa kumtoa mwali unakaribia kuandama. Nisipofika, binti atakaa ndani mpaka mavuno mengine.

Na tangu tauni ianze kutajwa bandarini, chombo chenye mgonjwa hupandisha bendera ya njano. Hapo mtu hashuki, nguo haishuki, karatasi haishuki, mpaka daktari wa Kijerumani aridhike.

Leo asubuhi mashua ya daktari ilipita kama kawaida. Kobelo alisimama. Msaidizi wa daktari alituhesabu kwa kidole, nami nikasoma: wazima watatu. Hapakuwa na neno la uongo katika sentensi ile. Lakini mkono wa Kobelo ulikuwa nyuma ya mgongo, umekamata ukingo wa chombo, na vidole vyake niliviona mimi tu.

Mashua ilipokwenda alikaa chini taratibu. Nilimuuliza hali. Alisema, "Nenda, kaka. Mtoto asikae gizani kwa sababu ya joto la mwili wangu."

Alisimama kwa ajili yangu. Sikulijua hilo mpaka aliponiambia, au nililijua na sikuliandika.

Adhuhuri, jua likiwa utosini, aliniomba nifunge mlango, ukungu unaingia. Juu ya sitaha hapana mlango. Nilitazama pande zote kana kwamba upo.

Ndipo nikafanya hesabu niliyopaswa kuifanya jana. Kobelo alishuka kutoka milimani kabla yangu. Nchi hii alikwisha kuizoea zamani.

Nikaitoa bendera sandukuni. Mzee Makame hakunizuia. Alisema tu, "Ukiipandisha hiyo, mwanangu, hutaishusha wewe."

Niliipandisha.

Mashua ilirudi upesi kuliko nilivyotarajia. Daktari alimpima Kobelo, hakutaja jina la ugonjwa, akaagiza apelekwe kwenye nyumba ya kutengwa. Walipomshusha, Kobelo alinitafuta kwa macho. "Nilisimama, kaka," alisema.

Barua niliyokuwa nimemwandikia dada ilikataliwa. Sauti haikukatazwa. Mmoja wa wapiga makasia ana ndugu atakayepanda na wapagazi hadi Matombo, basi nilimpa ujumbe kwa kupaza sauti juu ya maji, mbele ya watu wote: dada amfungulie binti mlango kwa mkono wake mwenyewe, asiningoje. Alinitaka nirudie, akidhani nimekosea. Nilirudia.

Sasa mimi na Mzee Makame tunapokezana bomba. Mlio wangu haulingani na wa Kobelo.

Niliiacha tafsiri ya daftari kwa sababu macho yangu yaliona kilichokuwa nyuma ya mgongo wa mtu. Hilo naweza kulitetea mbele ya yeyote. Lakini dada yangu hakuona vidole vile. Atasikia tu, kwa kinywa cha mgeni, kwamba kaka yake amemtaka afungue mlango ambao mama yake na bibi yake hawakuufungua kwa mikono yao. Je, nina haki gani ya kumtaka auvunje utaratibu wa nyumba yetu kwa neno langu, ikiwa mimi mwenyewe sikuuvunja ule wa bandari mpaka nilipoona kwa macho yangu?